Namna ya Kuwatunuku Watu wa Kisiwani Ambulensi Iliyostaafu

Kwanza tafuteni gari. Jipya la nini? Litafuteni Uingereza, ambako usukani uko kulia kama kwetu, nalo liwe limebeba wagonjwa hadi gia ya tatu inaingia kwa dua. Mwaka wa kutengenezwa ndio wa kuchungulia, kwa sababu Kenya hairuhusu kuingiza gari kuukuu lililozidi miaka 8. Likizidi, andikeni barua ya kuomba kufikiriwa, kisha liacheni bandarini Mombasa lingoje majibu. Ada ya kulilaza hapo italipwa na “wenyeji”. Wenyeji ni kina nani, hilo si la kujadiliwa leo.

Kisiwa nacho kichagueni kwa makini. Mji wa Lamu hautawafaa: kwenye vichochoro vyake, ukikutana na punda aliyebeba mawe, ni wewe unayejibanza ukutani. Nendeni Pate. Ni mbali, na picha hutoka vizuri. Ila msiwaulize watu wa huko, wa Faza wala wa Siyu, wanataka nini. Watasema boti yenye mashine nzima, petroli, na nahodha wa kulipwa mshahara. Boti huloa ubavuni. Nembo ya klabu yenu ya hisani itadumu wapi?

Lipo pia suala la maji, ambalo nashauri mlipite haraka. Mgonjwa wa Pate akizidiwa hupelekwa Lamu kwa bahari, na njia ya Mkanda, kule kwenye mikoko, ni ya maji machache. Yakipwa, boti hungoja. Kwa hiyo ambulensi itakimbia na king'ora chake mpaka jeti, halafu dereva atazima mashine, ateremke, asimame na jamaa za mgonjwa kungoja maji yajae.

Kwenye hafla ya kukabidhi gari sasa, msibane mkono. Klabu ya Rotary ilianzia Chicago mwaka 1905, Lions ikafuata mwaka 1917 mji huohuo. Karne nzima ya huduma haiwezi kuishia kwenye chai na kaimati. Chongesheni ufunguo wa kadibodi, urefu wa mtoto wa darasa la pili. (Nimehudhuria hafla moja ya namna hii. Ufunguo ulipendeza mno. Betri ya gari ilikuwa imekufa, vijana wakalisukuma hadi kwenye utepe.) Muuguzi wa zahanati apewe dakika 2 baada ya hotuba zote, ashukuru akae. Akianza habari za mjamzito aliyelala jeti usiku kucha, mshereheshaji amfuate taratibu, aushike mkono wenye kipaza sauti: “Ahsante sana, dada yangu, muda umetubana.”

Dizeli, tairi, mshahara wa dereva: msiandike popote. Chumvi ya bahari itaanza na milango.

Mwaka ukiisha, ombeni picha ya zawadi ikiwa kazini. Mtaletewa ya machela. Vijana wameing'oa garini, wakatoa na vile vigurudumu vilivyokuwa vikizama mchangani, na wanne kati yao wanaipandisha botini, maji kiunoni. Picha hiyo msiitie kwenye kalenda ya klabu. Nembo haionekani, imefunikwa na leso ya mgonjwa.