Sifa za Injini Isiyotaka Kuwaka

Naisifu leo kazi ambayo haijapata msifu: kung'oa injini ya Peugeot 504 stesheni wagoni ya mwaka 1978, nyumbani, kwa cheni bloku iliyofungwa kwenye mparachichi, na kutia mahali pake injini ya Toyota iliyotumika Japani. Wanaozungumzia subira humtaja Ayubu. Ayubu alipoteza ngamia na kondoo, ndiyo, lakini hakuwahi kutafuta boliti ya Peugeot Nakuru Jumapili jioni.

Gari lenyewe halihitaji wakili. 504 ilichaguliwa Gari la Mwaka barani Ulaya 1969, na 1975 Ove Andersson akashinda nayo Safari Rally. Sisi wengine tuliijua kwa umbo lake refu, la teksi ya Nairobi na Nakuru: safu tatu za viti, abiria saba kwa mujibu wa sheria na wengine kwa mujibu wa utingo, na nyuma springi nne za kubeba dhambi hiyo yote.

Faida za kulibadilishia injini ni nyingi, nitazipitia upesi. Mparachichi umepata kazi. Watoto wameongeza msamiati, na mwalimu wao ameniandikia barua kuuhusu. Majirani waliokuwa hawasalimiani sasa wanakutana kila Jumamosi kando ya tundu la injini, wakiwa na chai yangu mkononi, na hakuna hata mmoja asiyejua kosa liko wapi. Usalama barabarani umeimarika pia, kwa kuwa gari lisilo na injini halijamgonga mtu.

Halafu kuna elimu ya jiometri. Injini ya zamani ya 504 imelala ubavu, nyuzi 45, ndiyo maana boneti imeshuka vile. Hii mpya, 1TR ya Hiace, maisha yake yote imekaa chini ya viti vya mbele. Kuingizwa mahali pa wazi kuliitia kiburi, ikasimama wima na kuinua boneti. Shafti nayo haizunguki hadharani kama ya Toyota. Wafaransa waliivisha bomba la chuma lililofungwa toka giaboksi hadi difu, kwa hiyo ukigusa mbele umegusa nyuma. Fundi alikata, akapima, akachomelea, akakata tena. Chuma kilikubali. Chuma, niseme kweli, hakijawahi kunisumbua muda mrefu.

Sasa nije kwenye fadhila kuu, ile iliyonifanya nishike kalamu: uaminifu.

Injini ya kale ilikuwa haina heshima. Kabureta ikipata petroli, plagi zikipata moto, inawaka; haiulizi ni nani amewasha. Mwizi angeweza kuiendesha, shemeji angeweza, hata fundi angeweza, na aliiendesha, Krismasi nzima. Hii ya kisasa ina maadili. Iliolewa na gari moja kule Japani na haimtambui mwanamume mwingine. Tuliiwekea betri mpya, ikakaa kimya. Fundi wa umeme akapiga magoti mbele yake, akatangaza kwamba inataka kompyuta yake. Tukaileta. Kompyuta nayo ikataka ufunguo ule ule iliozaliwa nao, wenye chipu ndani yake, pamoja na ile pete inayozunguka swichi na kuusoma. Tukatafuta. Ikataka pedali, maana siku hizi pedali ya mafuta haivuti waya; inatuma ujumbe, na ujumbe wa mguu wa Mfaransa haupokelewi. Ikataka pampu ndani ya tenki, yenye nguvu kuliko ile iliyomtosha Andersson. Kila tulichompa mjane huyu alikipokea kwa adabu, kisha akaulizia mali nyingine ya marehemu. Nani katika ukoo wenu ana uaminifu huo? Mimi ninao shangazi waliosahau waume hai.

Na muuzaji? Nusu ya mbele ya gari ilikuwa pale dukani kwake, imekatwa, nyaya zake zote na swichi yake vikining'inia. Aliniuzia injini, akabakiza ufunguo! Nilipoupigia simu ufunguo huo, bei yake ilikuwa imekwisha kukua. Nikaomba karatasi za forodha. Akacheka. Risiti yake ina maneno matano: "Injini moja. Mali iliyouzwa hairudi."

Risiti hiyo niliipeleka ofisini, kwa kuwa namba ya injini imo kwenye kitabu cha gari na injini ikibadilika sharti kitabu kibadilike. Ofisi hiyo, nakiri kwa unyenyekevu, ndiyo mama wa injini yangu. Kaunta ya kwanza ilitaka uthibitisho kwamba injini iliingia nchini kihalali. Aliyeingiza kontena zima la injini hakuwa kwenye foleni. Mimi niliyenunua moja ndiye niliyekuwapo. Kaunta ya pili ilitaka barua ya polisi kwamba si ya wizi. Polisi walitaka kitabu kinachoonyesha kwamba injini ni yangu. Nikawaeleza kwamba kitabu hicho ndicho ninachokitafuta. Wakaniambia nirudi nikikipata. Fundi wangu aliyeacha shule darasa la saba aliunganisha Ufaransa na Japani kwa welda ya kukodi. Hawa wenye vyeti ukutani wameshindwa kuunganisha madirisha mawili ya jengo moja.

Hatimaye afisa mmoja, kijana mpole, mdogo kuliko gari langu, alinionea huruma. Akasema mambo yote yatanyooka gari likikaguliwa, ila sharti lifike lenyewe kituoni, injini ikiwa inafanya kazi. Nikamwambia vizuri, nitaliendesha. Akashtuka. Kuendesha barabarani gari ambalo injini yake haimo kwenye kitabu ni kosa, mzee wangu, nitakamatwa.

"Sasa litafikaje?"

Akatazama kushoto na kulia, akageuza fomu yangu, akaniandikia nyuma yake namba ya simu ya shemeji yake, mwenye lori la kuvuta magari.