Mistari Mitano na Vituko vya Kwaya

Nota za muziki hukaa kwenye stafu, yaani mistari mitano iliyolala sambamba, yenye nafasi nne katikati. Mistari huhesabiwa kutoka chini kwenda juu, kama kozi za matofali. Mwanakwaya anayeanza kuhesabu juu, jinsi anavyosoma barua, ataimba wimbo ambao mtunzi hakuuota.

Mistari haina majina mpaka ufunguo uwekwe. Ufunguo wa G hujiviringisha kwenye mstari wa pili na kuuita G. Ufunguo wa F huubana wa nne kwa nukta mbili. Soprano na alto hupewa stafu ya juu, tena na besi ya chini. Kijiti cha nota kikielekea juu ni cha soprano au tena. Kikielekea chini, ni cha alto au besi. Hayo ni ya kwenye karatasi. Kwenye benchi la kwaya, huko Kasulo wilayani Ngara au kwingineko, besi aliyeketi karibu na tena mwenye mapafu makubwa husahau vijiti kabla ubeti haujaisha.

Umbo la nota huonyesha urefu wake. Nyeupe isiyo na kijiti huchukua mapigo manne ya nota nyeusi, nyeupe yenye kijiti mawili. Nyeusi ikiongezwa mkia hubaki na nusu pigo. Kimya nacho kina alama zake, na hizo ndizo ngumu kuliko zote. Hakosekani mmoja wa kuimba peke yake wengine wakiwa wamenyamaza, na kwa kawaida ndiye mwenye sauti nene zaidi.

Alama ya kurudia ni nukta mbili kando ya mistari miwili ya wima. Fotokopi ya fotokopi huzimeza nukta hizo, nusu ya kwaya ikarudi mwanzo na nusu ikasonga mbele, wakutane kwenye “Amina” Mungu akipenda. Fotokopi hiyohiyo huongeza doa, nalo alto huliimba kwa uaminifu wote.

Ndiyo maana kwaya nyingi hushikilia sol-fa, herufi za do, re, mi ambazo John Curwen alizieneza Uingereza katika karne ya 19, akijenga juu ya kazi ya Sarah Glover. Wala si njia ya wavivu: Enoch Sontonga wa Afrika Kusini alitumia sol-fa mwaka 1897 kutunga wimbo ambao Watanzania huuimba kama “Mungu ibariki Afrika”.