Yah: Maombi ya Mafunzo ya Kuvaa Kofia Tatu

Ndugu Mwenyekiti wa Bodi ya Ligi Kuu Tanzania,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi kamati ya mashindano ya mbuzi hapa Kisaki, Morogoro Vijijini, tumekuwa tukiendesha mpira kishamba: mwenye timu hashiki filimbi, na anayekusanya hela za kubeti hakai benchi. Matokeo yake ni ufukara. Zawadi mbuzi mmoja, jezi za kuazima. Ndipo tukawatazama ninyi kwenye kibanda umiza, macho yakafumbuka.

Mwaka 2021 TFF iliiuzia Azam Media haki za kuonyesha ligi kwa miaka 10, shilingi bilioni 225.6. Nyumba ya Bakhresa, yenye Azam Media, ina Azam FC ndani ya ligi hiyohiyo. Yaani anayechagua pembe ya kurudia penalti yenye utata ana mtoto uwanjani. Haki isemwe: mtoto huyo alitwaa ubingwa msimu wa 2013/14, na misimu kumi iliyofuata hakuugusa. Ama hakuna upendeleo, ama kamera hazifungi mabao. Nasi mwenye kibanda umiza wetu anataka kusajili timu; tufundisheni cha kumjibu mgeni akiuliza.

Somo la GSM tunaomba lifupishwe. Novemba 2021 mdhamini huyo wa Yanga alikaribishwa kudhamini na ligi yenyewe, Simba wakagoma kuvaa nembo yake, na Februari 2022 akajiondoa. Hapo, kwa bahati mbaya, mtu aliuliza.

Lililotukosha hasa ni mikeka. Mwaka 2017 kampuni ya kubeti ya SportPesa iliwavalisha Simba na Yanga kwa mpigo, ikawa yeyote atakayefunga, kampuni imefunga. Mwaka 2022 wakagawana: Yanga wakabaki huko, Simba wakaenda M-Bet kwa bilioni 26.1 za miaka mitano. Mchezaji akibeti mpira, kanuni za maadili za FIFA zinamsubiri. Akilitangaza duka la kubeti kifuani kwa dakika 90, huyo ana nidhamu.

Vijana wetu wameelewa haraka kuliko wazee. Mpunga ukiuzwa asubuhi, hela inaingia kwenye simu, jioni mkeka umechanika. Tarehe 8 Machi 2025 mlipoahirisha dabi ya Simba na Yanga siku ileile ya mchezo, waliuliza jambo moja tu: waliojua kabla yetu, nao wana simu?

Bila shaka mnalo daftari ambamo kila mjumbe na kila mwamuzi ameandika maslahi yake na ya jamaa zake. Tunaomba nakala. Hata kama kurasa ni nyeupe, tutaiga mistari.

Jibu mnaweza kulituma kwa treni ya TAZARA, stesheni ya Kisaki. Vijana wameshaliwekea odi. "Hawatajibu" inalipa 1.01, kwa hiyo hakuna anayeigusa.

Katibu,
Kamati ya Mashindano ya Mbuzi, Kisaki