Injini Imetakata

Hapa Mtendeni, Tabora, tumejaliwa. Jirani yetu, Mungu amzidishie, amegundua kwamba injini ni kama sufuria: lazima ioshwe ingali ya moto ili masizi yasigande. Basi gari likirudi safari, boneti inafunguliwa huku bado linafuka, mafuta ya taa yanamiminwa, sabuni ya unga inafuata, kisha mpira wa maji unaelekezwa penye nyaya nyingi, maana ndipo uchafu unapojificha.

Waoga wangesubiri ipoe, wakachomoa waya wa hasi wa betri, wakafunga altaneta kwa mfuko wa nailoni na kusugua grisi kwa brashi taratibu. Kwa nini altaneta ifunikwe? Nayo inasikia joto, jamani, tena joto la Tabora la Oktoba!

Wapo wanaonung'unika kwamba asubuhi gari haliwaki. Hawajui historia hao. Misafara ya Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita Tabora bila plagi hata moja, ikafika. Mpelelezi Livingstone alikaa Kwihara, karibu na Tabora, tangu Machi hadi Agosti 1872 akingoja wapagazi. Jirani yetu anangoja fundi umeme tu, na wapagazi wa kusukuma anatupata sisi, bure, tumeshavaa nguo za kazini.

Na ile oili iliyokuwa ikivuja? Haionekani tena. Dalali wa magari alipokuja alikiri hajapata kuona injini safi namna ile. Akaomba iwashwe. Jirani akamweleza kwa upole kwamba mtu mstaarabu huacha kitu kikauke kwanza.