Kikantoni cha Majambazi

Mhasibu aliinua mikono yote miwili, kalamu ingali vidoleni, na papo hapo askari wa lango, kijana wa hapa hapa Kyuso ambaye mama yake huniuzia ndengu, akanishika ukosi mbele ya vibarua waliokuwa wakingoja zamu, akanitoa nje kwa adabu iliyoniuma kuliko kofi.

Nilikwenda kudai fedha ya mchanga niliouchota mtoni nikaufikisha kambini kwa wajenzi wa barabara. Na kwa kuwa Kiingereza changu kilikwisha kupuuzwa, na Kiswahili changu kikajibiwa kwa tabasamu, niliazimu kumkabili mhasibu yule, mzaliwa wa Guangzhou, kwa Kikantoni cha kwao, nilichokipata katika filamu za Hong Kong. Nazo filamu hizo zina hazina ya ajabu ya maneno ya uhalifu: mwizi ni chaak, mchomoaji wa mifukoni paa sau, polisi chaai lou, na chama cha siri cha majambazi ni hak se wui, yaani jamii nyeusi. Kila silabi huchukua mojawapo ya toni sita, hata ukiipandisha sauti pa kuishusha umekwisha kutaja neno jingine. Jambo lisilomtisha Mkamba, ambaye lugha yake nayo ina toni zake. Na maandishi ya Kikantoni, subhana! Herufi ya mwizi, ukiikazia macho, kushoto ina umbo la kauri, iliyokuwa fedha ya Wachina wa kale, na kulia umbo la silaha: shitaka zima, na ushahidi wake, katika kijiherufi kimoja.

Basi, nikikusudia kueleza kwamba nimeporwa, nilitamka daa gip, uporaji, kwa toni zisizo na dosari. Kumbe katika filamu ndiyo kauli ya jambazi mwenyewe aingiapo benki.

Lakini naomba kuuliza, na hapa sina mzaha: katika chumba kile, nani alikuwa na mali ya nani? Mchanga wangu umo ndani ya kalvati, malori yanapita juu yake, na jina lililoandikwa katika daftari la askari ni langu.



Tangu hapo nazirudia filamu zile usiku, nikitafuta neno la stakabadhi, au la ujira, au walau la mwisho wa mwezi, na hakuna jambazi hata mmoja alitamkaye.