Namna ya Kununua Taa Zitakazoonekana Nkhata Bay

Kwanza elewa: taa hainunuliwi ili dereva aone. Inanunuliwa ili gari lionekane. Ukishuka usiku kutoka Mbinga kwenda Mbamba Bay, kilomita 60 na ushei za kona za Umatengo, nia yako iwe moja: ng'ambo ya ziwa, kule Nkhata Bay, Malawi, watu waulize ni nani huyo.

Dukani chukua glopu ya halojeni iliyopakwa buluu. Rangi hiyo huchuja mwanga, kwa hiyo utaona kidogo kuliko jana, lakini utapendeza. Ukungu ukishuka, washa full. Matone yatakurudishia mwanga wote machoni, barabara igeuke shuka jeupe. Akija mtu na habari za taa za ukungu, zile zinazofungwa chini kwenye bampa na kumwaga mwanga mpana na mfupi, mpuuze. Zinaonyesha kingo za barabara tu.

Ukichoka na halojeni, chomeka LED ya bei poa kwenye taa ileile. Kiakisi kile kilitengenezwa kwa kufuata mahali uzi wa halojeni unapowakia, kwa hiyo mwanga wa LED utatawanyika ovyo: mitini, angani, na hasa usoni kwa dereva wa Fuso anayepanda mlima. Kama alikuwa hajui korongo liko upande gani, shauri yake.

Wanaopenda nguvu wafunge spotilaiti mbili za wati 100. Kwenye betri ya volti 12 zinavuta karibu ampea 17. Fundi atataka kuweka rilei na waya mnene. Mwambie apitishe umeme kwenye swichi ya kawaida. Fyuzi ikikatika, kuna waya wa shaba. Harufu ya plastiki inayoungua utaizoea.

Ukifika ufukweni, njia ya Liuli, panga taa juu ya kerea. Zitamulika boneti vizuri mno, na vumbi lote. Wavuvi wa usipa huwasha taa usiku wa giza kuvuta samaki. Wewe utavuta wadudu, tena bila nyavu.

Kurudi, pakia mpunga wa Lituhi nyuma hadi pua ya gari inyanyuke na taa zimulike nyota. Skrubu ya kuzishusha ipo nyuma ya taa, kazi ya bisibisi na dakika chache. Usiiguse. Ina kutu yake, imetulia.