Besi Walioitwa na Bwana

Katika shule za bweni za wavulana zilizoachwa na wamisheni nchini Kenya, kwaya hukonda Januari, kisha hunenepa ghafla wiki inapotangazwa ziara ya shule ya wasichana. Roho huwashukia wengi siku hiyo. Na wote, kwa neema, ni besi.

Sauti ya teno huachiwa wanafunzi wadogo kuliko wote, ambao sauti zao bado hazijaamua zinaelekea wapi.

Mwalimu wa kwaya, aliyeajiriwa kufundisha kemia, hujaza ubao herufi za solfa, mfumo ulioenezwa na mchungaji Mwingereza John Curwen katika karne ya 19. Kinanda kipo, kanisani. Ufunguo wa kanisa ndio uko kwa naibu wa mwalimu mkuu, naye yuko mkutanoni.

Mtunzi Handel alitunga Messiah nzima kwa siku 24 hivi, mwaka 1741. Kwaya yetu huhitaji muhula mzima kumaliza wimbo mmoja tu wa humo, “Haleluya”, na hata hapo, kwenye kile kimya kifupi kabla ya mwisho, lazima apatikane besi mmoja wa kuimba peke yake, kwa ushindi mkubwa.

Ila wakienda Tamasha la Muziki la Kenya wakashinda (na hushinda, ajabu ya Mungu), mwalimu mkuu aliyelalamika mwaka mzima kwamba mazoezi yanakula muda wa hesabu ndiye hulibeba kombe gwarideni Jumatatu, akieleza alivyolea vipaji.